Mafuta Kinywani mwa Makuza

Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa kumi, mwaka 2022. Ukungu ulikuwa umelala juu ya vilima vya Masisi tangu jogoo wa kwanza, mzito kama maziwa ya jana, na chini yake ilidondoka mvua ndogo isiyojua kama inataka kunyesha au inataka tu kusumbua watu. Ng'ombe walionekana miguu peke yake. Katika nyumba ya Makuza, mwendo wa saa moja kwa mguu juu ya Kitshanga, mke wake Mukantabana alisimama mbele yake na kidole kimejaa mafuta ya ng'ombe.

“Fungula kinywa.”

“Ya nini?”

“Leo banakupiga foto.”

“Mama Alliance, ile foto iko ya mu kinywa. Haiko ya uso.”

“Njo maana nasema fungula kinywa.”

Makuza alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. Tangu waoane, hakuna mtu wa nyumba ile aliyepita mbele ya foto bila kupakwa mafuta. Watoto walipakwa siku ya ubatizo. Yeye mwenyewe alipakwa siku ya kuandikishwa kupiga kura, na karani akalalamika kwamba kadi inateleza. Hata ndama aliyepigwa foto na watu wa chanjo alipakwa pembeni mwa pua. Mafuta hayo hayanunuliwi dukani. Mama anayasuka mwenyewe kwa kutikisa maziwa ndani ya kibuyu, asubuhi nzima, na mtu aliyepakwa anang'aa, wanaomwona wakajua kwamba anatoka kwenye nyumba yenye maziwa. Foto ikiwa ya uso, unapaka uso. Ikiwa ya kinywa, basi.

Akafungua. Mukantabana akapaka meno yaliyobaki, moja moja, akapaka na ufizi, na mwisho akaacha donge dogo nyuma ya gego la juu.

“Na hii?”

“Iko ya akiba. Kama ile ya mbele inaisha mu njia.”

Meno yaliyokosekana yalikuwa manne, ya juu, ya mbele kabisa. Yaliondoka mwezi wa saba, siku Bihogo, ng'ombe mwekundu wanayempenda kuliko wote, alipoinua mguu katikati ya kukamuliwa. Makuza hakumlaumu. Alisema Bihogo alikuwa anafikiri kitu kingine. Lakini hasara ilikuwa kubwa. Kwanza, mluzi ulikufa. Kila jioni alisimama ukingoni mwa malisho, akakunja midomo, ukatoka upepo tu, na ng'ombe wakamtazama kwa heshima kisha wakaendelea kula. Pili, akaanza kuongea akiwa ameziba mdomo kwa mkono, hata na mke wake, hata katika sala.

Tatu ndiyo iliyomnyima Mukantabana usingizi. Binti yao Alliance, mwalimu, alikuwa amechumbiwa na Mbusa, kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki Kitshanga, na familia ya Mbusa ingetoka Butembo Jumamosi ya tarehe 22. Katika ukoo wa Makuza, siku ya kutoa binti kuna msemaji anayesema yote: anasifu, anabisha, anatania. Lakini neno la mwisho, “Tumewapa,” halitumwi kwa msemaji. Linatoka kwa baba mwenyewe, amesimama, kichwa wazi, na wakwe wote wanatazama kinywa kile. Bila neno hilo hakuna kilichofanyika. Watu wamekula tu.

“Mie sisimame mbele ya batu ya Butembo na hii tundu,” alikuwa amesema Makuza nyuma ya mkono wake. “Banasema tumebapatia binti ya muzee yenye ilivunjika.”

Na kuahirisha hakukuwezekana. Vita vilikuwa vinakaribia, na kila wiki njia moja ilifungwa. Papa Édouard, baba mdogo wa Mbusa aliyemlea, alikuwa ametuma neno: tunafika Jumamosi, tunarudi Jumapili, kwa sababu baada ya hapo Mungu peke yake ndiye anayejua nani atashika njia. Ni siku hiyo au hakuna siku.

Kwa hiyo waliposikia kanisani kwamba katika kituo kidogo cha afya cha parokia amefika dada mmoja mwenye masini ya kupima meno bila kujaza watu plasta ya kuchukulia umbo kinywani, na kwamba meno mapya yanatoka Goma katika siku tisa, Mukantabana alipiga magoti palepale kwenye benchi na kushukuru. Kisha akaenda kusuka mafuta.

Dada huyo aliitwa Kétsia. Alikuwa ametoka Ntoto, upande wa Walikale, siku tatu za pikipiki na tope, akiwa amebeba masini mgongoni ndani ya kitenge kama mtoto. Masini yenyewe ilikuwa kama mswaki mnene wenye jicho mwishoni, imefungwa kwa waya kwenye kompyuta. Nje watu arobaini walingoja kwa foleni. Jenereta ilikohoa nyuma ya ukuta, na kila ilipokohoa Kétsia aliitazama dari kana kwamba anaomba.

“Papa, usikilize muzuri,” alisema. “Hii masini haipige foto moja. Inapiga foto ndogo-ndogo, mingi sana, kisha inazishona. Sawa fundi wa nguo. Kama kitambaa iko na maji, inashona mubaya. Kama kitambaa inacheza, inashona mubaya. Na pale fasi haiko jino, haina kitu ya kushikilia. Inapotea. Iko sawa wewe na ngombe mu ukungu, bila muti, bila jiwe.”

Hapo Makuza alielewa kabisa, akafurahi. “Mie mu ukungu napigaka mluzi—”

“Papa, usiseme.”

“Hapana, nasema tu kwamba zamani, kama ngombe—”

“Papa! Ulimi!”

Kétsia alifunga dirisha kwa kitambaa ili mwanga wa nje usiichanganye masini. Akaweka pamba mashavuni. Akaanza nyuma, kwenye gego, akaja mbele taratibu, na kwenye kioo cha kompyuta yakaanza kuota meno ya Makuza, moja baada ya jingine, kama mahindi. Mukantabana alisogea kuangalia. Picha ilikuwa na madoa meupe ya mng'ao kila mahali.

“Angalia vile inangaa!” alisema.

“Iko inangaa sana, Mama,” alisema Kétsia akikunja uso.

“Asante,” alijibu Mukantabana.

“Ni mate,” alijiambia Kétsia. Akapuliza hewa, akabadilisha pamba, akarudia upande ule. Mate yakakauka. Mafuta hayakukauka. Jenereta ikakohoa mara mbili, mtoto akalia kwenye foleni, mzee mmoja akauliza kwa sauti kama wale walioingia wamehamia humo. Kétsia hakuwa amelala vizuri tangu Ntoto. Alitazama picha mara ya mwisho, akaona imefungana mwanzo hadi mwisho, akabonyeza. Jioni alipanda kilima kile ambako rezo ya intaneti inashika, akaituma Goma.

Njiani kurudi nyumbani Makuza alilamba donge la akiba. Alisema foto ilikuwa tamu.

*

Meno yalifika Jumatano ya tarehe 19, juu ya pikipiki ya Gentil, mpeleka mizigo wa njia ya Goma, ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa gundi kana kwamba kina dhahabu. Majirani walifika kabla hata injini haijapoa. Makuza alinawa mikono, akafanya ishara ya msalaba, akaingiza.

Meno yalicheza kama kigoda cha miguu mitatu kwenye mteremko. Akisukuma kulia, kushoto kulinyanyuka. Akisukuma kushoto, kulia kukasalimia. Na nyuma, pale juu ya gego, palikuwa na nundu ngumu ambayo haikuwa jino wala haikuwa ufizi. Ilikuwa inakaa tu pale kama mgeni ambaye hakuna anayejua ni wa nani. Kwa sababu yake kinywa hakikufunga, na Makuza akabaki anatabasamu bila kutaka.

“Anaonekana mwenye furaha,” alisema jirani mmoja.

“Papa, sema kitu,” alisema Alliance.

“Bwana asifiwe,” alisema Makuza, na meno yakaruka, yakapita juu ya mkono wake uliokuwa unayawahi, yakaingia ndani ya ndoo ya maziwa. Bihogo, ambaye maziwa yalikuwa yake, aligeuza kichwa akaangalia.

Walicheka wote, Mungu awasamehe, mpaka walipoona kwamba Makuza hacheki. Alikuwa amekaa juu ya gogo, ameziba mdomo kwa mikono miwili sasa.

Alliance alimpigia daktari Michel wa Goma, mkubwa wa Kétsia, na sauti ikasikika uani kwa wote, kwa sababu simu ya Makuza ilikuwa na sauti moja tu, nayo ilikuwa ya kupiga kelele.

“Huku tulitengeneza sawa vile masini ilileta!” alisema daktari Michel. “Masini ilileta jino moja zaidi, nyuma kule! Nikasema pengine ule papa iko na jino zaidi, kuko batu ya vile. Hapana, njo Kétsia. Hajue kukausha kinywa. Kesho anarudisha masini, nitaipatia muntu mwenye iko na macho.”

“Na meno ya Papa?” aliuliza Alliance.

“Tutapanga mwezi ujao.”

Mukantabana alikuwa ameinama jikoni juu ya sufuria. Jino moja zaidi, nyuma kule. Alikijua kile kidole kilichoweka jino lile. Maziwa yakapanda, yakafurika, yakazima moto, naye bado amesimama na mwiko mkononi.

*

Alhamisi asubuhi alisali rozari kwa bidii ambayo hata watakatifu wangeishuku. Aliomba Mungu amwoneshe daktari Michel ukweli. Aliomba njia iwe ya ndoto, au ya malaika, au ya kitabu cha udaktari, njia yoyote ambayo haipiti kwake. Kwani angesema nini? Kwamba mke wa Makuza, mama wa mwalimu, aliyeongoza akina mama wa parokia miaka sita, ameharibu harusi ya binti yake kwa kidole? Katika kila “Salamu Maria” alifika katikati akakuta mafuta.

Alliance aliingia akiwa ameshika kibuyu.

“Mama, hii mavuta iko nusu. Nani aliikula?”

“Nilipakaka Papa yako. Kwa ile foto.”

“Foto ya—” Alliance alisimama. “Mama. Ulimupaka wapi?”

Mukantabana aligusa meno yake kwa kidole. Alliance alikaa chini polepole, akaweka kibuyu sakafuni, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha kicheko kikamwishia ghafla.

“Ule dada anapoteza kazi leo, Mama.”

“Najua.”

“Na Papa anasema Jumamosi ataenda ku malisho, atarudi bakwe bakiisha kuenda.”

“Najua, Alliance! Ninaomba Mungu.”

“Mungu alikwisha kusikia. Vaa viatu.”

Waliteremka watatu. Makuza aliambiwa tu kwamba wanakwenda kurudisha meno mabaya, na alikubali kwa furaha maana aliyachukia. Kétsia walimkuta akiifunga masini ndani ya kitenge. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alisimama akawapa viti.

“Unisamehe, Papa,” alisema. “Sijue nilikosa wapi. Nimetazama ile picha usiku na usiku.”

Makuza alitaka kusema si kitu, lakini mke wake alimtangulia, haraka, kama mtu anayeruka mto.

“Njo mie. Nilimupaka mavuta.”

“Mavuta ya nini, Mama?”

“Ya ngombe.”

“Wapi?”

“Mu kinywa. Yote. Na nyuma niliacha akiba.”

Kétsia alimtazama Mukantabana, akamtazama Makuza, akamtazama Alliance ambaye alikuwa anaangalia dari. “Akiba,” alirudia pole pole. “Ile jino zaidi... iko akiba?”

“Nilikuwa nataka angae.”

“Alingaa, Mama! Masini ilikuwa kipofu!” Akakaa juu ya kiti cha wagonjwa, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakatetemeka hata hawakujua kama analia au anacheka. Vilikuwa vyote viwili.

Makuza alitoa mkono mdomoni kwa mara ya kwanza. “Mama Alliance,” alisema, “tangu jana ninalaani Goma nzima.”

“Unilaani mie.”

“Ngoja kwanza. Ilikuwa tamu.”

Walimpigia daktari Michel. Hakuamini. Alisema amesoma miaka tisa, amesikia visingizio vya umeme, vya tope, vya mtandao, lakini cha siagi bado. “Muko munamufunika tu ule binti,” alisema. Hapo Mukantabana, aliyetubu mara moja na kuona kwamba hakufa, akapata nguvu. Alifungua mfuko wake. Ndani, pamoja na rozari, kadi ya kura na kipande cha jibini, kulikuwa na kikopo, kwa sababu mwanamke wa nyumba ile hatembei bila mafuta.

“Nipime mie,” alimwambia Kétsia. “Kwanza bila. Kisha na mavuta. Tuma yote mbili.”

Ndivyo ilivyokuwa. Kwanza Kétsia alimkausha vizuri, akapima, na kwenye kioo yakatokea meno ya Mukantabana, safi, pamoja na lile lililokatika siku ya ubatizo wa Alliance. Kisha Mukantabana akajipaka kwa kidole chake mwenyewe, akaacha donge nyuma kama alivyofanya kwa mume wake, akafungua kinywa kwa heshima ya mtu anayekwenda kupigwa foto. Masini ikapita. Picha ikajaa mng'ao, mstari ukapinda kama njia ya mbuzi, na nyuma ya gego, mbele ya macho yao wote, ikaota nundu kama uyoga baada ya mvua.

“Alleluia,” alisema Makuza.

Foleni ya nje ilikuwa imeingia ndani kuangalia. Mzee yule yule wa siku ya kwanza aliuliza kama mafuta ya mawese nayo yanaotesha meno, maana yeye amebakiwa na mawili.

Kétsia alipanda kilima cha rezo na picha mbili. Daktari Michel alizifungua moja baada ya nyingine, akazirudia. Kisha akasema, “Mupime upya ule papa. Sasa hivi. Kesho ninatengeneza, Jumamosi asubuhi Gentil analeta. Na Kétsia... kaa na masini.”

Safari hii Makuza alisuguliwa kinywa kwa mswaki na maji ya chumvi mara tatu. Mukantabana alitolewa nje, mfuko wake ukawekwa mikononi mwa Alliance. Dirisha likafungwa, pamba zikaingia, na Kétsia akaanza nyuma kabisa, akaja mbele bila kurukaruka, akipita pale pengo lilipo kwa kushikilia paa la kinywa, kama mtu anayepita kwenye ukungu kwa kugusa ukuta. Walipofika katikati, kengele ya saa sita ikalia kanisani.

Tangu utoto, kengele ile haijawahi kumkuta Makuza amenyamaza. Midomo ilianza kutetemeka. Ulimi ukainuka kutafuta “Malaika wa Bwana”.

“Papa,” alinong'ona Kétsia bila kusogeza mkono, “leo sali mu roho.”

Makuza akafumba macho. Machozi yalimtoka kwa nguvu ya kunyamaza. Hakuwa amewahi kusali hivyo, bila ulimi, na baadaye alimwambia mke wake kwamba ilikuwa sala ndefu kuliko zote za maisha yake, na kwamba anadhani ilisikika.

*

Jumamosi mvua ilikuja bila haya. Wakwe walifika saa nne, watu tisa, viatu mkononi. Papa Édouard aliwatangulia chini ya mwavuli uliokatika waya mbili. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye meno meupe yaliyopangika kama ukuta wa misheni. Mukantabana alipoyaona akageuka kutazama njia.

Kwa maana Gentil hakuwa amefika. Alikuwa amepiga simu saa tatu.

“Niko ku bariere ya njia, kule chini. Bale benye bunduki banafungula kila kitu. Baliniuliza, sanduku iko na nini? Nikasema, meno. Banacheka. Kisha banaacha kucheka. Banasema, muntu gani anatembeza meno mu wakati wa vita? Sasa banangoja mukubwa wao aamuke, aone kama iko bulozi.”

“Anaamuka saa ngapi?”

“Mama, nani ataenda kumuuliza?”

Kwa hiyo msemaji alisifu, akabisha, akatania. Wa Butembo walijibu vizuri. Kétsia, aliyealikwa, alikaa kwenye kona akila maharage kimya. Alliance alikaa wima ndani ya kitenge chake kipya. Maneno yalikwenda, yakapungua, yakaisha. Kiti cha Makuza kilikuwa kitupu. Makuza alikuwa nyuma, kwenye zizi, amesimama katikati ya ng'ombe chini ya mvua, na alikuwa amesema hatoki.

“Sasa tunangoja neno ya muzazi,” alisema Papa Édouard.

Msemaji alimtazama Mukantabana. Mukantabana alikuwa ameandaa homa. Angesema: mzee ana homa, anawasalimu. Alifungua kinywa atoe homa hiyo, akakutana na macho ya Alliance, kisha na macho ya Kétsia juu ya sahani ya maharage.

“Papa Édouard,” alisema akasimama, “muzee haiko mugonjwa. Iko na haya. Ngombe ilimutoa meno ine. Tulimuitia meno ya Goma, yakakuja mubaya, na njo mie niliyaharibu. Nilimupaka mavuta mu kinywa ili angae ku foto. Masini ikaona mavuta, ikasema ni jino. Ya pili iko muzuri, lakini iko ku bariere, inangoja mukubwa aamuke. Njo ile. Hakuna kingine.”

Mvua ilisikika juu ya mabati. Mama mmoja wa Butembo aliweka mkono mdomoni, na haikuwa kwa huzuni. Papa Édouard alimtazama Mukantabana bila kupepesa.

“Nyuma mu kinywa pia ulipaka?”

“Nyuma njo niliacha akiba.”

Papa Édouard akainamisha kichwa. Tumbo lake lilianza kuruka. Akapeleka vidole kinywani, akavuta, na ule ukuta wa misheni ukatoka wote mzima, akauweka kwenye kisahani kati ya sukari na kikombe. Uso wake ukaingia ndani kama mfuko mtupu.

“Baba mudogo!” alisema Mbusa. Hakuwa akijua.

“Miaka kumi na moja,” alisema Papa Édouard, na sauti yake sasa ilikuwa na upepo. “Balinitia plasta mu kinywa mpaka nikaona mababu. Hainitoshi hata siku moja. Kila ku harusi ninacheka na mudomo ya kufunga, banasema Édouard ana heshima sana. Mama, niitie ule ndugu yangu.”

Mukantabana alikimbia mwenyewe. Makuza alikuja amelowa, mkono mdomoni, akasimama mlangoni. Akaona kisahani. Akamwona Papa Édouard akimtabasamia kwa ufizi mtupu, bila haya yoyote, kama mtoto wa miezi mitatu. Taratibu, mkono ulishuka. Akavua kofia.

“Alliance ni mutoto yetu,” alisema, na maneno yalipita kwenye pengo kama upepo kwenye uzio, lakini yalipita yote. “Anajua kazi, anajua Mungu, anajua kucheka. Njia ikifungwa, yeye asifungwe. Tumewapa.”

Hakuna mkwe aliyetazama tundu. Wote walikuwa wanajizuia kutazama kisahani.

Vigelegele vilipopungua, Makuza alilalamika kuhusu mluzi. Papa Édouard akamtoa nje kwenye baraza, akamwonesha jinsi ya kukunja vidole viwili chini ya ulimi, maana mtu asiye na meno naye ana njia zake. Mara ya tatu mluzi ulitoka, mwembamba, uliopinda. Kule zizini Bihogo aliinua kichwa, akasogea mpaka kwenye uzio, akasimama. Makuza alimtazama muda mrefu.

Waliporudi ndani, Papa Édouard alirudisha meno yake na kumgeukia Kétsia.

“Dada, ile masini yako, kesho mbele ya misa inaweza kunipima? Saa nne tunashika njia.”

“Inaweza, Papa. Saa moja. Usile, usiseme.”

“Muzuri. Lakini kuko kitu moja.” Akasimama, akapiga kijiko kwenye kikombe mpaka kila mtu akanyamaza. “Tumepewa binti, tunashukuru. Sasa mie pia ninaomba neno, na liko ya mama ya binti. Asimame mbele ya watu wote, aseme.”

Mukantabana alijua ni neno gani. Alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akaweka mfuko wake mezani, akatoa kikopo, akakisukuma mpaka mbele ya Alliance. Halafu akainua mkono wa kuume.

“Mbele ya Mungu, na mbele ya bakwe, na mbele ya mademoiselle Kétsia,” alisema, “kesho saa moja sitakaribia kinywa ya Papa Édouard na mavuta.”

“Hata ya akiba?” aliuliza Makuza.

“Hata ya akiba.”